Siku Tano Mahali Pasipo na Barabara

Mama msomaji, ni lini mara ya mwisho ulilala usiku mmoja mahali ambapo hakuna mtu wa kukuuliza chumvi iko wapi, sare ya shule imekauka au bado, na nani amechukua ufunguo wa stoo? Sisi sita tulipoulizana swali hilo, baada ya kikao cha akina mama pale kanisani kwetu Kigoma, tulicheka kwanza. Kisha mmoja wetu, mama muuza dagaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye tangu aolewe hajawahi. Ana miaka kumi na tisa ya ndoa.

Yeye ndiye aliyetaja Mahale. Alisema tangu utotoni anaona wageni wakishuka kwenye ndege na treni, wanapanda boti kwenda kusini, wanarudi nyuso zimeungua jua na wanacheka. "Wanakwenda kuona nini huko ambacho sisi wenyewe hatujakiona?" aliuliza. Hakuna aliyeweza kumjibu. Wengi wetu tumezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Tumefua ndani yake, tumelea watoto kwa samaki wake, na wapo ndugu zetu waliozama humo. Lakini kwenda kulitazama tu, bila ndoo wala beseni kichwani, hilo halikuwa limetujia akilini.

Tukaanza kuchanga shilingi 30,000 kila mwezi kwa miezi 14. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika daftari. Waliochelewa walisemwa mbele ya wote.

Kuhusu waume zetu, tusiseme mengi. Mmoja alimwuliza mkewe, "Hao sokwe wana nini ambacho mimi sina?" Mwingine alinyamaza siku tatu, siku ya nne akaja na tochi mpya na betri zake, akaiweka mezani bila neno. Tuliona kwamba ruhusa imepatikana. Watoto wadogo walibaki kwa mabibi zao, na tuliandika kwenye karatasi nani anakunywa dawa gani na saa ngapi, kama tunavyofanya wodini tunapokabidhiana zamu.

Safari ya majini

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale iko kilometa zipatazo 130 kusini ya mji wa Kigoma. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1985, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,613. Ndani yake hakuna barabara ya gari. Anayeingia huko hutembea kwa miguu au hupita majini, basi. Ukanda wa ziwa wenye upana wa kilometa 1.6 kutoka ufukweni nao ni sehemu ya hifadhi, na humo hairuhusiwi kuvua.

Zamani wasafiri wengi walikwenda kwa MV Liemba. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina hilo jipya. Mama Mchungaji, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alikumbuka kushushwa kutoka Liemba usiku pale Lagosa. Hapakuwa na gati. Mitumbwi ilikuja ubavuni mwa meli gizani, watu wakapokezana mizigo, kuku na watoto wachanga mkono kwa mkono. Mwanawe wa pili alipokewa na mtu ambaye mpaka leo hajui sura yake.

Sisi tulikodi boti ya mbao yenye injini, mwishoni mwa Agosti 2024. Hapo tulipata mtihani wa kwanza. Tulikuwa sita, pamoja na nahodha na msaidizi wake ni wanane, lakini majaketi ya kujiokolea yalikuwa manne. Nahodha alisema ziwa limetulia. Tulikaa juu ya mizigo yetu mchangani na kumwambia kwamba sisi ni akina mama wenye watoto, hatupandi. Alikasirika, akaenda, akarudi baada ya saa nzima na majaketi mengine manne ya kuazima, moja likiwa limekatika kamba. Tuliishona kwa uzi wa kushonea nguo. Tunaandika haya kwa sababu wengi wetu tunaona aibu kumsumbua nahodha, hasa akiwa mwanamume mzee kuliko sisi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa; duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Na miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na mawimbi yake si ya mchezo.

Tulifika Bilenge, makao makuu ya hifadhi, jua likielekea kuzama upande wa Kongo. Baada ya kuandikishwa tulisogea hadi Kasiha, tukapiga mahema mawili karibu na mabanda ya wageni, watatu katika kila hema. Milima inaanzia pale pale ufukweni na kupanda hadi mawinguni. Kilele chake, Nkungwe, kina urefu wa mita 2,462, na Watongwe, wenyeji wa huko, wameuheshimu mlima huo tangu enzi za mababu.

Usiku ule tuliona taa za wavuvi mbali, nje ya mpaka wa hifadhi, nyingi kama mji. Mama muuza dagaa alizitazama kuliko sisi sote. Mwaka ule uvuvi ziwani ulikuwa umesimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana, na kwa miezi hiyo mitatu alikuwa amelipa mchango wake kwa kuuza maandazi. "Zimerudi," alisema.

Kupanda mlima kwa miguu ya mama

Siku ya pili tulitembea na askari wa hifadhi hadi kwenye maporomoko ya maji. Msidhani ni matembezi ya kutoka sokoni. Njia ni nyembamba, mizizi imetokeza, na mahali pengine unapanda kwa kushika mashina. Wawili wetu walikuja na viatu vya kanisani vilivyochakaa, wakajuta. Kwa anayetaka kwenda, avae viatu vya kufunga vyenye meno chini, suruali au sketi pana ya kukunjika, na soksi ndefu za kuingizia suruali, kwa ajili ya siafu na mbung'o. Khanga moja mkobani inatosha: ni taulo, ni shuka, ni chujio la jasho, na ni pazia la kujistiri.

Katikati ya msitu mkubwa tulikuta michikichi na miembe. Askari alitueleza kwamba pale palikuwa na vijiji vya Watongwe, watu wakahamishwa, msitu ukafunika nyumba. Mama Mchungaji alisimama chini ya mwembe mmoja kwa muda. Alisema aliyeupanda alikuwa anafikiria wajukuu. Hatukuwa na la kuongeza, tukaendelea kupanda.

Askari yule alituonyesha pia mti mdogo wenye majani machungu ambao sokwe huutafuna wanapougua. Habari hii ilitugusa sana sisi wa kazi ya uuguzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwachunguza sokwe wa Mahale mwaka 1965. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe mama aitwaye Chausiku, ambaye siku hiyo alikuwa mnyonge, amelala tu wakati wenzake wanakula. Mama huyo akauendea mti ule, akamenya ganda la tawi changa, akatafuna na kufyonza utomvu wake mchungu. Siku iliyofuata alikuwa amerudiwa na nguvu. Aliyekuwa pamoja na Huffman ni Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za asili, na yeye aliutambua mti huo mara moja: kwao pia ni dawa ya tumbo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mti huo una kemikali zinazodhuru minyoo. Sasa, sisi hatusemi mwende mkatafune majani. Dozi ya mti haiandikwi kwenye paketi. Lakini mama mgonjwa, mwana akiwa pembeni, anajikongoja kwenda kutafuta dawa. Nani kati yetu hajawahi kuwa hivyo?

Kikohozi

Usiku wa siku ya pili, ndani ya hema letu, mama muuza dagaa alianza kukohoa. Alikohoa ndani ya mto ili tusisikie. Sisi tuliokuwa karibu yake tulisikia, na yule wa tatu alisikia, na wote tulijifanya tumelala.

Alfajiri tulimpima. Joto lilikuwa 38.2. Tulifungua sanduku letu la dawa na kumpima malaria kwa kipimo cha haraka, kwa kuwa mkoani kwetu homa haidharauliwi: ulitokea mstari mmoja tu, hana. Pua zilikuwa zinachuruzika, koo jekundu. Mafua. Tulimpa parasetamoli na maji mengi ya kunywa. Yeye akatushika mkono.

"Dada, usiseme," alisema. "Nitavaa barakoa mbili. Nitasimama nyuma ya wote. Miezi kumi na minne, dada."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya sokwe. Sheria ni hizi: kundi la wageni lisizidi sita, kila mmoja avae barakoa, msiwakaribie chini ya mita kumi, muda ni saa moja tu, na mwenye mafua, kikohozi au kuhara haingii. Si ukali wa bure. Sokwe wanakaribiana sana na sisi kimaumbile, hata magonjwa yetu wanayapokea, ila miili yao haijayazoea. Mwaka 2006 ugonjwa kama mafua uliingia katika kundi la sokwe wa Mahale waliozoea watu. Walikohoa kama tunavyokohoa sisi, na baadhi walikufa, wakiwamo watoto. Uchunguzi ulikuta dalili za kirusi cha jamii ya vile vinavyowapata binadamu.

Tuliyajua hayo. Wodini tumewazuia mashangazi na mabibi wasiingie kwa watoto njiti wakiwa na mafua, tukatukanwa, na hatukujali. Kumbe kumzuia mtu usiyemjua ni rahisi. Huyu tulikuwa tumemshika mkono kaburini kwa mama yake.

Askari alikuja saa moja na nusu asubuhi, akasalimia, akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna mama mwenye mafua au kikohozi?" Watu walitazama mchanga. Hata wa hema la pili walikuwa wameshajua. Kimya kile kilikuwa kirefu. Mwishowe tulisema sisi: "Hema letu halitakwenda."

Tulisema hema zima, kwa sababu tulikuwa tumelala watatu pua kwa pua usiku kucha, na mafua yanaweza kuambukizwa kabla aliyeyapata hajaanza kupiga chafya. Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa wa tatu, alitoa macho. Yeye hakuwa na dalili yoyote. Kisha akavua mkoba wake begani, akauweka chini taratibu, akaingia hemani. Askari alitushukuru. Mama muuza dagaa hakutushukuru. Aligeukia ziwa, akajifunika khanga kichwani, na hakusema nasi neno asubuhi nzima.

Tunakiri kwamba asubuhi ile ilikuwa ndefu. Tulijiuliza mara nyingi kama tungeweza kusema kwa namna nyingine, labda pembeni, ili yeye mwenyewe apate nafasi ya kunyoosha mkono kwanza. Huenda ingekuwa bora. Tungekuwa tumemwachia heshima yake.

Saa saba tulikuwa tunahangaika na jiko la mafuta na sufuria ya dagaa aliotuletea kutoka nyumbani. Akatokea nyuma yetu na sauti yake ya kukwaruza. "Leteni hiyo sufuria. Mnaniharibia dagaa wangu." Akatuondoa jikoni, akamimina mawese, akakata nyanya. Tulikula ugali wa muhogo watatu bila mazungumzo mengi, yeye akiwa na bakuli lake mbali kidogo, kwa hiari yake.

Alasiri, tukiwa tumekaa hivyo, mlimani juu palilipuka kelele. Ilianza chini, hu, hu, ikapanda, ikawa mayowe ya wengi, na mlio kama wa ngoma. Askari alitueleza baadaye kwamba wanapiga mizizi mapana ya miti kwa mikono na miguu. Ikakatika ghafla. Mama muuza dagaa alisimama, kijiko mkononi. Hakusema kitu. Alibaki amesimama muda mrefu baada ya msitu kunyamaza.

Wenzetu watatu walirudi saa kumi, wachafu, wamechanika sketi, wanataka kusimulia wote pamoja. Walikuwa wamepanda saa tatu kabla ya kuwakuta. Mama Mchungaji aliona sokwe wawili wameketi wanaangaliana, wameshikana mikono juu ya vichwa vyao, na kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani kwa mkono uliobaki. Alituonyesha kwa kumshika mwenzake. Tulicheka hadi mama muuza dagaa akashikwa na kikohozi, tukamletea maji.

Pua ya kayaki

Siku ya nne homa yake ilikuwa imeshuka. Ilibaki siku ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa watu wawili, na kafi yenye bapa pande zote mbili. Hapo sisi tulikaa naye, kwa kuwa mafua yake tulikuwa tumeshakula nayo sahani moja. Mwongozaji alitangulia na kayaki yake. Alitukataza kusogelea mdomo wa mto, kwa sababu ya viboko na mamba, na alitukataza kuning'iniza mikono majini.

Maji yalikuwa angavu kiasi cha kuona mawe chini kana kwamba yako ndani ya gilasi, na samaki wadogo wa rangi kati yake. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya pere na kuhe, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Baadhi yao, mama hubeba mayai na watoto kinywani mpaka wakue. "Na muda huo anakula nini?" aliuliza mama muuza dagaa. Wengi hawali, au hula kidogo sana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jirani yake.

Upepo ulikuja mapema kuliko alivyotarajia mwongozaji. Alitupungia mkono turudi. Sisi, tulioshika kafi mara ya kwanza maishani, tulianza kuchota maji kwa hofu, na kayaki ikakaa ubavu kwa mawimbi. Wimbi moja lilitulowesha hadi kifuani. Tuliwaza watoto, mmoja mmoja, kwa majina.

"Geuza pua!" alipiga kelele nyuma yetu. "Usiyapige maji, yasukume! Kulia! Kulia tena!" Mwanamke huyu amepiga kafi ya mtumbwi wa baba yake tangu akiwa na miaka minane. Akaanza kuhesabu, moja, mbili, moja, mbili, kwa sauti ile ya mafua, nasi tukafuata kama watoto wa shule. Alilielekeza pua kwenye wimbi, akasubiri, akatupitisha kati ya wimbi na wimbi. Tulipogusa mchanga miguu yetu ilikataa kusimama. Yeye alishuka, akakamua khanga, akasema nesi wetu apige sindano tu, makasia awaachie wenyewe.

Kabla hatujasahau: kichocho kipo katika ziwa hili, hasa karibu na makazi ya watu. Anayeoga au kucheza humo afike kituo cha afya baada ya miezi miwili au mitatu apime mkojo na choo, hata kama hana dalili, na awapeleke watoto. Sisi tulipima wote sita. Mmoja alikutwa nacho, akanywa prazikwanteli, na kwa kweli hatujui kama alikipata safarini au alikuwa nacho tangu anafua mtoni akiwa binti. Mwenye mimba changa au mtoto wa kunyonya asubiri. Kutoka kule hadi chumba cha upasuaji ni mwendo wa boti kwa saa nyingi. Chandarua chukueni chenu. Ada za kuingia kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni nafuu kuliko za wageni, lakini hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya hifadhi iliyopo Kigoma kabla ya kupanga.

Tulirudi nyumbani jioni ya siku ya tano. Nyumba zilikuwa zimesimama. Chumvi ilikuwa imewekwa kwenye kopo la sukari.

Mchango mpya ulianza Januari 2025, shilingi 30,000 kama mwanzo. Mweka hazina ni mama muuza dagaa, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ameandika kwamba safari ijayo kila mtu atapimwa joto siku moja kabla ya kuondoka, akianza yeye.